Baiskeli ya Kumpeleka Mama Kanisani

Mume wangu Mumbere ni fundi, tena fundi kweli, na hilo silipingi hata siku nikiwa nimemnunia. Redio iliyonyeshewa, simu iliyotumbukia chooni, anakurudishia ikiwa inaongea. Shida yake ni moja tu: kitu alichokiunda yeye mwenyewe haambiliki juu yake.

Baiskeli ile ya umeme aliiunda kwa ajili ya mama yangu, Marie-Jeanne. Mama alikuwa akiishi nasi hapa Nateete, Kampala, tangu tulipotoka kwetu Butembo, na magoti yalikuwa yameanza kumkatalia. Kanisa letu liko juu kilimani, upande wa Lungujja. Bodaboda alizigomea katakata tangu siku moja ilipomwingiza mtaroni pamoja na mwavuli wake. Basi Jumapili zikawa zinapita, yeye amekaa mlangoni na kitenge chake cha kwaya, anasikiliza nyimbo kwenye simu yangu. Ilikuwa inauma kumtazama.

Mumbere naye ilimuuma. Akatafuta baiskeli kuukuu ya mizigo, akafunga mota kwenye gurudumu la nyuma, akaenda Wandegeya kukusanya betri za laptop zilizotupwa. Akachagua zilizo hai, akazipanga ndani ya kasha la mbao. Nyuma akaweka kiti cha sponji kilichovikwa nailoni nyekundu, kiti cha mama mkwe.

Kutembea, ilitembea. Tatizo lilikuwa namna ya kuondoka. Unazungusha ule mpini wa kuongezea mwendo kidogo, kimya. Unaongeza kidogo, kimya. Unaongeza kiduchu tu, inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Vijana wa stendi ya bodaboda walikuwa wanampigia makofi, naye anarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Nilimwambia mapema. Nilikuwa namenya matoke, sikuwa na ugomvi wowote, nikamwita kwa jina la mtoto wetu kama ninavyofanya nikitaka anisikilize.

"Papa Ulrich, punguza hii kuruka. Ikikuwa mupole, mimi ndiye nitamupeleka mama. Mimi ni mutoto wake, atanishika kiuno."

"Nikipunguza, itapanda mulima na nini?" akasema. "Na hii si kitu ya kuendesha weye, Mama Ulrich. Itakutupa."

"Ndiyo maana nasema punguza."

Alicheka, akaenda zake kuichaji. Nami nikarudi kwenye matoke yangu.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono. Hata sahani haitoki mkononi mwa huyu ikaingia mkononi mwa yule. Inawekwa chini kwanza. Majirani zetu Waganda nao wana jambo hilohilo, kwa hiyo Kampala haikutusahaulisha. Mumbere alilijua vizuri sana. Alidhani akisogeza kiti cha nyuma mbali kidogo na chake, heshima yote ameimaliza. Na mama kukataa hangeweza. Mkwe amekesha anakuundia kitu, utamwambiaje hukitaki?

Jumapili ikafika. Mama alikaa upande, miguu pamoja, Biblia mapajani, mkono mmoja umeshika ukingo wa sponji.

"Mukwe wangu, Mungu akubariki," aliuambia mgongo wa Mumbere.

Mumbere akazungusha mpini. Kimya. Akaongeza.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao, kwa hiyo niliona. Baiskeli iliporuka, mkono wa mama ulikwenda mbele wenyewe ukashika shati la Mumbere. Ulilishika kabisa. Halafu ukaliachia, kama vile umegusa sufuria ya moto, na mama akaanguka chali kwenye kokoto za lango. Nyonga ilivunjika. Kabla sijamfikia alikuwa anavuta kitenge kufunika miguu yake, anasema haina neno, haina neno, mwambie mukwe asiogope.

Baada ya hapo ndipo Mumbere alipofungua kasha lake. Kazi za watu zilirundikana mezani, hakuzigusa. Kwanza alitia kapasita na rezista kwenye waya wa mpini, ili umeme uwe unapanda taratibu kama maji yanavyojaa kwenye jerikani. Baiskeli ikaondoka kwa upole, lakini ukiachia mpini nayo inagoma kusimama, ikampeleka mpaka juu ya vitunguu vya Ogutu, jirani yetu muuza mboga. Akaongeza diodi, ukiachia, umeme unakatika papo hapo. Akasogeza na sumaku ndani ya mpini mpaka ule ukimya wa mwanzo ukaisha. Kila akibadilisha kitu, alikuwa anajaza beseni la maji pomoni, analiweka kwenye kiti chekundu bila kulifunga, kisha anaondoka nalo pale uani. Mara nyingi nailoni ilirudi imelowa.

Siku kiti kilipobaki kikavu, alipakia gunia la mkaa, akaupanda mlima wote hadi kanisani. Alirudi akakaa kizingitini, hanitazami.

"Nguvu ya kupanda mulima haikupunguka hata kidogo," alisema. "Ile kuruka ilikuwa kitu ingine kabisa."

Nilikuwa na hasira mpaka nikauogopa mdomo wangu, na papo hapo nilikuwa namhurumia. Nyonga ya mama ilikuwa imeunga vibaya. Alikuwa analala ubavu kwenye godoro karibu na mlango, na daktari alikwisha kutuambia kwamba habari ya kupanda baiskeli tuisahau.

Asubuhi yake Mumbere aliileta uani, akanikabidhi. "Jaribu, Mama Ulrich."

Sikuwahi kuiendesha hata mara moja. Nilizungusha mpini, ikaondoka kwa upole hata kuku waliokuwa mbele yangu hawakushtuka. Nikazunguka kamba ya nguo, nikapita mbele ya mlango, nikapita tena. Mama alikuwa ameinua kichwa, anatabasamu. Nikaachia mpini, ikasimama palepale nilipotaka, mbele yake. Nilikuwa nalia, na sikujificha.

Mama alikitazama kile kiti chekundu nyuma yangu, kisha akatazama kiuno changu.

"Weye ningelikushika," alisema.

Hakuwa anamlaumu mtu. Mumbere alikuwa karibu, alisikia. Alichukua kitambaa akaanza kukipangusa kiti, nacho hakikuwa na tone la maji.