Namba za Awinja

Mdogo wangu Awinja tulimwita Godoro. Alipalilia miwa dakika kumi, kisha akajilaza mtaroni. Mahindi aliyapukuchua akiwa chali. Mimi nilimwita Godoro kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwaka wa 1996, miezi mitatu baada ya kumzika mama, Daktari Masinde alifika kwenye zahanati yetu ya hapa Musanda, akitafuta familia zinazotokwa na damu puani bila sababu. Hakusumbuka kutupata. Mama alitokwa na damu tangu utotoni, akaja kuuawa na usaha kichwani. Mimi na Awinja puani kwetu ni hivyo hivyo.

"Ugonjwa huu hurithiwa," alisema. "Kwa wengine, mishipa ya mapafu huungana vibaya. Damu hupita njia ya mkato, kama trekta la miwa linalokwepa mizani. Haichukui hewa, wala haichujwi. Uchafu wake huweza kufika kichwani."

"Lakini mama alipigwa picha ya kifua," nilisema. "Ikaonekana safi."

"Picha hukosa mishipa midogo."

Alinibana kidole kwa kibanio chenye waya, kinachopima hewa iliyo kwenye damu. Nikiwa nimelala, tisini na saba. Nikiwa nimesimama, tisini na saba. Akamgeukia Awinja. Amelala: tisini na tatu.

"Sasa simama."

"Lazima? Nyumbani wananiita Godoro, daktari. Usiniharibie jina."

Akasimama. Tisini. Themanini na sita. Themanini na mbili. Nilizitazama namba kama mtu anayetazama saa ukutani.

"Akisimama, damu hushuka chini ya mapafu, penye mishipa hiyo," alisema Masinde. "Lala tena, dada."

Zikapanda.

"Kumbe uvivu wangu una namba," Awinja akasema. Akacheka peke yake.

Masinde akaandika barua ya kumpeleka hospitali ya Nairobi. Huko wangemdunga maji yenye mapovu madogo mkononi, watazame kama yatavukia upande wa pili wa moyo. Yakivuka, wangetafuta namna ya kuiziba mishipa. Tulipewa miadi ya Alhamisi.

Nyumbani, shangazi yetu Namalwa alimkuta Awinja mkekani.

"We Godoro! Kufika tu, chali? Shamba litajipalilia?"

Awinja akaanza kuinuka. Nikamshika bega.

"Lala."

Nikachukua jembe lake. Sikulia. Nilipalilia mistari yake, kisha yangu, nimesimama wima, nikipumua vizuri.