Bernadi Aposa Kwenye Tambarare

Bernadi aliposema mbele ya wakwe kwamba gari lake halijawahi kukataa kuwaka, hakuwa anasema uongo. Ndio ubaya wenyewe. Kwao Litumbandyosi kila anapoegesha ni mteremko: nyumbani mteremko, kanisani mteremko, na shamba la kahawa ndio usiseme. Tangu betri ianze kuzeeka, Pasaka ya mwaka jana, alikuwa akiielekeza pikapu yake bondeni na kuweka jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi anaondoa jiwe, anaiachia ishuke, anaingiza gia ya pili, inanguruma. Anunue betri mpya ya nini, na milima ipo!

Jumapili hiyo alikuwa ameshuka Mbamba Bay na baba yake mdogo, Mansuetus, ambaye ndiye alikuwa mshenga, kumposa Winnie. Walilishwa samaki na ugali wa muhogo mpaka Mansuetus akalegeza mkanda. Ndipo Mzee Fabiano, baba yake Winnie, akauliza swali moja tu.

"Dada yake Winnie aliolewa Songea. Mumewe aliniapia kwamba atamleta kutuona kila mwezi. Hii sasa ni Krismasi ya pili hatujamwona, kila nikipiga simu naambiwa gari liko gereji. Lako je?"

"Baba, gari langu halijawahi kukataa kuwaka. Hata siku moja."

"Haya. Jibu la posa nitakupa nikikusindikiza."

Basi wakasindikizwa, nyumba nzima pamoja na majirani wasiohusika. Pikapu ilikuwa uani, kwenye mchanga ulionyooka kama meza, ziwa liko hatua chache tu. Bernadi aliketi kwenye usukani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta mteremko. Hapakuwa na mteremko. Akageuza ufunguo.

Tk.

"Nini hicho?" Mzee Fabiano akauliza.

"Naisikiliza kwanza, baba. Hili gari linapenda kusikilizwa."

Tk. Tk.

Jamani, hakuna kitu kinacholeta mafundi kama gari lisilowaka! Jirani mmoja, Praygod, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni stata, igongwe. Akaingia uvunguni na nyundo, akagonga kwa moyo wote, kioo cha pembeni kikadondoka. Mansuetus alishauri gari liachwe lipumzike, nao warudi ndani, maana aliona samaki hawajaisha.

Winnie ndiye anayeshughulikia mashine ya kusaga ya baba yake, na kelele humkera. Akamsogeza Praygod pembeni.

"Washa taa," akamwambia Bernadi. "Sasa geuza ufunguo."

Tk. Taa zikafifia zikabaki nyekundu.

"Stata haina kosa. Ni betri." Akafungua boneti, akakuta vichwa vya betri vimeota unga mweupe. Akavimwagia maji ya moto, akavikwangua kwa kisu cha samaki, akavikaza. Tk. "Hii imekufa kabisa. Imeanza lini?"

"Leo," akasema Bernadi. Huo sasa ulikuwa uongo.

"Basi tusukume," akasema Mama Theodosia, mama yake Winnie, akijifunga kanga kiunoni.

Bernadi akaruka nje kama ameng'atwa na siafu. "Mama, hapana! Mama mkwe anisukumie gari? Bora nipande Mbinga kwa miguu!"

"Mkwe wa nani? Jibu umeshapewa?"

"Bado, mama."

"Basi leo nasukuma. Panda!"

Wakasukuma. Pikapu ikajivuta mchangani, Bernadi akaachia klachi, ikaruka, ikakohoa, ikawaka! Mama Theodosia alienda chini kifudifudi, akainuka anacheka na mchanga mdomoni.

Lakini kila Bernadi alipojaribu kusimama, injini ilianza kuzimika. Ikitembea tu ndiyo inatulia. Akaona bora aizunguke nyumba.

"Simama nikupe jibu!" Mzee Fabiano akapaza sauti.

"Siwezi, baba! Itazima!"

"Posa hajibiwi mtu anayekimbia!"

"Sikimbii, baba, nazunguka!" Akapotea nyuma ya jiko, kuku wakitawanyika.

Alipotokea upande wa pili, Winnie alikuwa anamngoja, akakimbia sambamba na dirisha. "Bernadi! Betri imekufa lini?"

"Leo!" Akapotea tena. Akatokea. Winnie bado yupo, na uso wake haukuwa wa mchezo.

"Lini?"

"Pasaka!"

"Pasaka ya mwaka huu?"

Safari hii nyuma ya jiko Bernadi alikuwa na hofu ya kweli. Alimpenda Winnie mpaka usingizi ulimpaa, na sasa alijua amemkosa. Alipotokea, yote yalimtoka kwa mkupuo.

"Ya mwaka jana! Naegesha mlimani, naweka jiwe! Na hivi viatu si vyangu, ni vya baba mdogo! Nisamehe, baba, niliogopa utaninyima!"

Watu wote wakatazama miguu ya Mansuetus. Alikuwa amevaa kandambili.

Mzee Fabiano akasogea mpaka kando ya njia ya pikapu. Pikapu ilipotokea tena, akainua mkono.

"Yule aliyekula kwangu mchana nilikuwa namkatalia! Hakuwa na kasoro hata moja, kama yule wa Songea. Huyu anayezunguka, huyu namfahamu. Winnie, unamtaka?"

"Namtaka, baba."

"Nimekubali! Umesikia?"

Bernadi alikuwa amesikia. Machozi yalimjaa hata nyumba haioni vizuri. Akazunguka mara ya saba, akazunguka ya nane, analia, anacheka, anawapungia mkono majirani, mpaka Mama Theodosia akamgeukia mumewe.

"Baba Winnie, mwambie mtoto wa watu kwamba sasa anaweza kwenda."