Inatosha

Doa jeupe liliingia mlangoni, na dada wa mapokezi akasimama. Likakaribia, likaota mikono, likaota ndoo. Mfagiaji.

"Leo mimi ndiye bosi?" mzee akacheka. "Basi nipe chumba cha juu, mwanangu."

Mwenzake pale mezani aliangua kicheko, miwani mizito ikimteleza puani. Yeye mwanamume; kwake miwani ilikuwa dalili ya akili. Wanawake wa mapokezi walikatazwa. "Mgeni anataka kuona macho, si vioo," alisema meneja. Kwa hiyo dada alivaa lenzi, zile za kubandika machoni, na nguvu ya lenzi haikufika mlangoni.

Juzi mkurugenzi aliingia, dada asimtambue, akamkuta amekaa kitako kama malkia.

"Akikukuta umekaa tena," meneja alimwambia, "kesho yake ubaki hukohuko kwenu."

Mchana aliomba ruhusa, akaenda kwa mpima macho.

"Hapo je?"

"Afadhali kidogo."

"Inatosha?"

Herufi za chini zilikuwa bado zinaogelea. Lakini watu walikuwa wengi nje, na mpimaji alishapiga miayo mara mbili. Tena tangu utotoni dada alifunzwa: msichana akipakuliwa husema inatosha. Kaka zake ndio waliosukuma sahani mbele, na mama akacheka, akawaongeza.

"Inatosha," alisema. Kisha akajikaza. "Ila, daktari, kule kazini mlango uko mbali…"

"Dada, kazi hii nimeizeekea. Wanawake mnapenda lenzi za namba ndogo, wanaume kubwa. Sijatunga mimi, mnasema wenyewe. Kubwa itakuumiza kichwa bure."

"Nilikuwa nasema tu…"

"Zizoee kwanza. Mwingine!"

Alikuwa bado anafunga mkoba wakati mwanamume aliyemfuata alipokalia kiti.

"Ongeza! Ongeza bwana, sioni kitu!"

"Naongeza, mzee wangu, naongeza."

Akasikia vioo vikibadilishwa, kimoja baada ya kingine, taratibu, kwa subira.

Kesho yake alisimama kwa kila aliyeingia: fundi bomba, dereva, mgeni aliyepotea njia. Mwenzake akacheka hadi akachoka kucheka. Saa sita miguu ilikuwa imevimba. Akakaa, akavua kiatu kimoja.

Doa jeusi likasimama mlangoni. Halikuota ndoo, halikuota chochote. Akalitabasamia, macho wazi, mazuri, yasiyo na vioo, huku mguu ukipapasa kiatu chini ya meza.

Pembeni yake kiti kililia. Mwenye miwani alikuwa amekwisha kusimama.