Shomoro Mweupe wa Fundi Sekunde

Fundi wa saa mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sekunde, alimwona shomoro mweupe uani siku ya Jumatatu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena. Shomoro wengine walikuwa na rangi yao ya siku zote, wakidonoa chenga za mchele chini ya kamba ya nguo. Huyo mmoja alikuwa mweupe pe.

"Mama watoto, njoo uone."

Mkewe akaja akijifuta mikono. Ndege walishapuruka. "Nione nini?"

Akamweleza. Mkewe hakucheka, na hilo ndilo lililomtia hofu. Daktari wa macho alikuwa amemwonya mwaka uliopita, mkewe akiwa kando: ukianza kuona weupe weupe pasipo na kitu, usikawie. Na riziki ya Sekunde ilikuwa kwenye skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta.

"Kesho twende hospitali," mkewe alisema.

"Twende kufanya nini? Ndege yupo."

"Kama yupo, mbona unamwona wewe peke yako?"

Jumanne alimwona tena, Jumatano mara mbili. Kila alipoita, mkewe alikuta ua mtupu. Mkewe alipovizia, walitua shomoro wa kawaida tu. Sekunde akaacha kwenda kibandani, saa za watu zikalala kwenye droo. Alimsihi jirani yake, mshona viatu, akae naye uani. Jirani alikaa asubuhi nzima, akaondoka akisema, "Pumzika, ndugu yangu," kwa ile sauti ya msibani. Mfa maji haachi kutapatapa: Sekunde akawa anajipima kwa kila kitu, tarehe za kalenda, mishono ya pazia, tundu la sindano. Vingine aliviona, vingine alivikisia, akajidanganya kwamba ni mamoja.

Ijumaa akategesha ungo kwa kijiti na uzi, akamwaga mchele, akalala kifudifudi nyuma ya mlango, mzee mzima wa miaka sitini na mitatu. Jua lilishapanda alipovuta uzi. Akaingiza mkono chini ya ungo, akashika kitu chenye joto, kikidundadunda kiganjani.

Akaita mpaka sauti ikakwaruza. Mkewe alikuja mbio, akainama, akajiziba mdomo.

"Yupo," akasema. "Mume wangu, yupo kweli. Nisamehe."

Sekunde akacheka, machozi yakimtoka. "Mweupe pe, sivyo?"

"Kichwa na kifua, ndiyo. Mabawa yana michirizi ya kahawia kama wenzake, ila imefifia."

Kicheko kikakatika. Akamsogeza ndege karibu na pua, akamgeuzia mwangani, akamkunjua bawa taratibu kwa vidole vyake vya ufundi. Weupe mtupu.

"Michirizi iko wapi?"

Mkewe akamshika mumewe kidole cha shahada, akakiweka juu ya bawa. "Hapa. Na hapa. Na hapa pia."

Akamwachia ndege. Siku hiyohiyo walikwenda hospitali.

"Presha ya macho imekula sana," daktari alisema. "Kilichokwenda hakirudi, mzee. Tupiganie kilichobaki."

Wiki iliyofuata mkewe alizitoa saa zote kwenye droo na kuzirudisha kwa wenyewe, nyumba hadi nyumba, zikiwa hazijatengenezwa. Sekunde alimfuata akiwa amemshika kiwiko, akiomba radhi kwenye kila mlango.