Mgongo wa Hodhi

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, mchoraji wa kiwanda cha vyombo vya bafuni alifuta kioo chake kwa kitambaa kikavu, kwa sababu vumbi likitulia kwenye kioo hudhaniwa kasoro ya mchoro. Wiki hiyo alikuwa akichora hodhi la kuogea, la nyumba mpya za mlimani. Kazi ilikuwa imekwama mgongoni, pale mwogaji anapoegemea. Vipande viwili vya uso wa hodhi viligusana hapo bila kupatana, kama ndugu waliogombana wakaketishwa meza moja. Alipopitisha ile mistari myeusi na myeupe ya kupimia ulaini, iliteremka vizuri kutoka ukingoni, ikafika kwenye kiungo, ikavunjika.

Dawa ya hayo ni subira. Uso wa namna hiyo hushikwa kwa vidoti. Ukivuta kimoja, majirani zake nao husogea kidogo. Akavuta, akarudisha. Ndipo akamkumbuka mama mkwe wake, jinsi alivyopinda tangu bomba la jengo lao likauke naye akaanza kupandisha madumu kwa ngazi. Akavivuta vidoti kuufuata mgongo ule, pale ambapo ungependa kushikwa. Mistari ikapita kwenye kiungo kama maziwa yanayomiminwa.

Hodhi likaanza kujaa maji.

Yalipanda taratibu, safi, ndani ya kioo. Mwanga wake ulicheza darini, na ofisi nzima ikanyamaza. Hata mhasibu, ambaye hunyamaza akilala tu, aliweka kalamu chini akatazama juu. Kisha mtu akasogeza nyaya zisilowe, wakaendelea na kazi kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala.

Mchana mama mkwe alipita kuchukua ufunguo wa nyumba, dumu tupu mkononi, maana hakuwa akienda popote bila dumu. Aliinama mbele ya kioo, akachovya kidole, akaonja.

"Haya ni maji yetu," alisema.

"Mama, yametokea tu."

"Hayakutokea, yamehama. Nimeyanywa tangu mumeo anatambaa, na kutu yake na chumvi yake. Nitayasahauje?"

Mchoraji alitazama dirishani. Bomba jipya, nene, lilikuwa likipanda mlimani. Ofisi ya maji iliwaambia watu wa jengo lao kwamba maji yamepungua, nao waliamini, kwa kuwa kweli yalikuwa yamepungua.

Mama mkwe aliuliza kama hodhi lina mtu. Akaambiwa mteja yuko njiani kuja kulitazama. Akasema basi ana nafasi. Alivua viatu akavipanga chini ya meza, akamkabidhi mkwewe mtandio, akaingia na gauni lake. Maji yakamfika shingoni. Mgongo ukalala kwenye kiungo, na kwa kuwa hapakuwa na pa kukwama, ukaanza kunyooka, pingili baada ya pingili. Akafumba macho. Mchoraji hakuwahi kumwona hana mzigo. Alitamani abaki humo, hata kama mchoro hautatoka kamwe.

Mteja alifika na meneja. Alisifu ulaini, akauliza kama bibi anauzwa pamoja na hodhi. Meneja alijibu kwamba bibi huondolewa. Maji ndiyo hubaki, yalikwishapangiwa huko mlimani.

"Mama bado anaoga," alisema mchoraji.

"Akaoge kwao."

"Kwetu maji yamekuja huku," mama mkwe alisema bila kufumbua macho. "Nami nimeyafuata."

Meneja alimwagiza mchoraji amfute. Mchoraji akashika kipanya, asibonyeze. Mama mkwe akafumbua macho, akamwona, akainuka.

"Usihangaike, mwanangu. Nina miguu."

Alijaza dumu lake, na hakuna aliyemzuia. Alisimama wima kama mshale, mrefu kuliko meneja, mpaka alipolinyanyua.

Mahodhi yamekwishafungwa mlimani. Wenyeji wa huko husema ukiegemea unapokewa, kama vile kuna mtu nyuma yako, na wengine hujikuta wanasema asante.

Jioni mama mkwe hufungua bomba la jikoni. Linakohoa, linanyamaza. Naye huchukua dumu, akashuka ngazi.