Siku ya Mechi Asiambiwe

Bayingana alikuwa amecheza mpira wa kikapu katika nchi kumi na moja, na mtu akimwuliza habari zake alizoea kujibu kwa kuzitaja. Tunisia miaka miwili. Lebanoni. Finland, ambako jua lilimkimbia miezi mitatu. Meksiko, Moroko, Angola, na nyingine mtaniwia radhi, hata yeye mwenyewe huzichanganya. Sasa alikuwa na miaka thelathini na saba, magoti yakimlilia kila akishuka ngazi, na tangu Oktoba alikuwa Kigali akichezea klabu ya nyumbani. Kwa nini Kigali? Kwa sababu Mukasine yuko Kigali. Basi, msitafute sababu nyingine.

Mukasine ni dada yake, amemzidi miaka tisa. Walizaliwa Karagwe, Tanzania, watoto wa wakimbizi, wakarudi Rwanda na mama yao tu. Dada ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemshonea kaptula yake ya kwanza ya mpira, maana sokoni hapakuwa na ya urefu wake. Hana mume, hana mtoto. Ana cherehani yake soko la Kimironko, na ana huyu mdogo wake wa mita mbili na ziada. Bayingana naye, ukiacha mabegi, hana mwingine.

Ungedhani watu wa namna hiyo wataonana kila siku. Wapi! Klabu ilimpa nyumba kule Rebero, mlimani. Akija kwa dada yake anatolewa sahani za wageni, ananunuliwa soda, anaulizwa mazoezi yanaendaje. Akiuliza yeye, jibu ni lile lile: "Mimi mzima tu, mdogo wangu." Miezi minane, mzima tu! Anarudi Rebero, anakaanga mayai, anayala amesimama jikoni, kwa sababu meza ina viti sita na hapendi kuvitazama.

Jumatatu moja alikwenda sokoni bila kutoa taarifa, akakuta cherehani ya Mukasine imefunikwa kitambaa. Ya jirani yake, Nyirahabimana, nayo imefunikwa. Aliyekuwepo ni Mzee Ilyasi, fundi wa kanzu na suti, ambaye alivua miwani ndipo akamtazama.

"Kwani kaka hukuambiwa? Dada yako iko hospitali. Kibagabaga, toka Jumatano."

"Jumatano! Na hakuna aliyenipigia simu?"

"Alikataza. Alisema Ijumaa iko mechi, Jumapili iko mechi. Wewe siku ya mechi huambiwi kitu. Hapa sokoni sisi wote tunajua hiyo."

Wote wanajua! Bayingana alitamani ardhi immeze, maana sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Mwaka wake wa pili huko Tunisia, saa moja kabla ya mechi, Mukasine alimpigia simu kumwambia mama ameanguka bafuni. Akaingia uwanjani akili haipo, akakosa mitupo huru saba, timu ikafungwa, na mkataba wake ukaishia hapo. Usiku huo alimfokea dada yake bila haya: "Siku ya mechi usiniambie kitu! Hata nyumba ikiungua, usiniambie!" Kesho yake aliomba radhi, lakini neno lilishatoka, na Mukasine ni mtu wa kushika neno.

Sasa hebu fikiria. Kuna siku ya mechi, kuna siku ya kuamkia mechi, kuna siku ya safari, kuna wiki za mtoano. Kwa mtu anayecheza kila baada ya siku tatu, mwaka mzima ni siku ya mechi. Mama yao alipofariki, Bayingana alikuwa Beirut katikati ya nusu fainali. Aliambiwa siku ya tatu, baada ya filimbi ya mwisho. Alipofika nyumbani watu walishatoka makaburini, walishanawa mikono kumaliza mazishi, na viti vya kukodi vilisharudishwa. Alikasirika mno, ila hakuwa na wa kumkasirikia.

Hospitalini, kwenye mlango wa wodi ya wanawake, muuguzi alimwuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Ndugu yake. Baba mmoja, mama mmoja."

Muuguzi alifungua faili, akasoma, akamtazama tena. "Hapa alituambia ndugu yake yuko safarini."

Safarini! Rebero na Kibagabaga, mji huo huo mmoja! Bayingana akaingia wodini.

Nyirahabimana alikuwa pembeni ya kitanda, akikunja nguo. Ndiye aliyeandikwa kuwa umurwaza, yaani yule mtu wa mgonjwa anayeshinda na kulala naye, anayemwogesha na kumletea chakula, kwa kuwa hospitali inatibu tu, mengine ni ya watu wako. Siku sita alikuwa amefunga kazi yake kwa ajili ya jirani wa cherehani. Mukasine, kumwona mdogo wake, alijiinua haraka akajifunga kitambaa vizuri kichwani.

"Karibu, karibu! Nyirahabimana, mtafutie kiti. Umekula?"

"Dada, unaumwa nini?"

"Kauvimbe kadogo tu. Watakatoa Alhamisi. Ninyi Alhamisi si mna mechi? Nenda kapumzike."

Daktari alipofika na karatasi zake, Bayingana alizidaka. Yeye ni ndugu, atajibu. Haya, jibu basi. Mgonjwa amewahi kupasuliwa?

"Hapana."

"Amewahi," Nyirahabimana alisema taratibu nyuma yake. "Miaka ine imepita. Tumbo."

Kuna dawa inayomdhuru? Nyirahabimana aliitaja dawa hiyo. Shinikizo la damu je? Nyirahabimana akasema lilianza lini, na vidonge anakunywa saa ngapi. Maswali yote tisa yalijibiwa na mwanamke aliyekutana na Mukasine ukubwani tu, walipopangiwa meza mbili za karibu sokoni. Mtu mwenye damu yake alisimama hapo akijua chai ya hoteli gani ni mbaya katika nchi kumi na moja.

"Miaka minne iliyopita," alimwuliza Nyirahabimana nje kwenye veranda, "mimi nilikuwa wapi?"

"Mulikuwa na fainali, kaka. Wihangane, pole."

Basi Bayingana akaamua. Alimpigia kocha akamwambia Alhamisi hachezi. Kocha alipiga kelele, akatishia, akabembeleza. Bayingana alikata simu, akamwomba Nyirahabimana arudi kazini mchana, yeye atashika zamu. Jumanne na Jumatano alikuwa bombani na akina mama waliokuja kuuguza, amechuchumaa na magoti yake mabovu, akifua kanga za dada yake huku wenzake wakicheka hadi kufuta machozi. Alipika uji, ukawa na madonge. Hakujua kama Mukasine anatia sukari, akaona haya kuuliza. Mukasine aliunywa wote, na madonge yake.

"Mzuri sana. Asante, mdogo wangu."

Afadhali angemtukana! Nyirahabimana alipoleta wake jioni, Mukasine aliuonja akakunja uso, akasema, "We mwanamke, hujui chumvi?" Wakacheka wote wawili. Bayingana alicheka pia, akachelewa kidogo.

Alhamisi alasiri, saa ile ile timu yake ilipokuwa inaingia uwanjani, Mukasine alitolewa chumba cha upasuaji. Kila kitu kilikwenda vizuri, daktari alisema hivyo mara mbili. Bayingana alikaa kitandani upande wa miguu, Nyirahabimana upande wa kichwa. Mukasine alifumbua macho polepole, akamwona Nyirahabimana, akamshika mkono akauvuta kifuani.

"Naumwa mwenzangu," alisema kwa sauti nyembamba ya kitoto. "Naumwa sana. Niliogopa nitakufa mle ndani."

"Niko hapa, dada," Bayingana alisema.

Mukasine aligeuza shingo. Akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akatabasamu.

"Mmeshinda?"

"Sijacheza. Nilikuwa hapa na wewe. Niambie unaumwa wapi."

"Siumwi," Mukasine alisema. "Mimi mzima tu. Nenda nyumbani ukapumzike, umechoka."

Bayingana alimwambia atakuwa karibu, akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, miguu yake ikiziba nusu ya korido. Mlango haukufungwa vizuri. Alimsikia dada yake akianza kulia tena, akimweleza Nyirahabimana maumivu yake moja baada ya jingine. Alinyanyuka mara mbili ili aingie, na mara zote mbili akakaa, kwa sababu alijua akiingia tu, dada yake atanyamaza.