Kikohozi Kilichokatwa

Mambo yaliniharibikia Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, mbele ya mkaguzi wa afya kazini na televisheni ya ofisi yake. Saa siikosei. Ilikuwa ukutani, kubwa, na mimi sikuwa na pengine pa kutazama.

Marehemu mke wangu, Mama Kijiko, alijaza magodoro ya pamba kiwandani miaka tisa. Aliingia akiwa na pumzi ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu. Alitoka amebebwa. Wakubwa wakaandika kwenye faili lao kwamba alikuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha vumbi. Miaka minne nimepiga hodi ofisi kwa ofisi, mpaka mkaguzi huyu mpya akakubali kunisikiliza. Sikutaka senti yao. Nilitaka ule mstari ufutwe, uandikwe wa kweli. Shule niliishia darasa la nne, lakini uongo wa mstari mmoja nausoma vizuri tu.

Na ushahidi nilikuwa nao. Zamani nilikuwa na kamera ndogo ya video, mkweche, nikawa napiga picha za nyumbani na kuzichoma kwenye diski. Diski kumi na moja, kila moja na tarehe yake kwa wino mzito. Katika zile za mwanzo, kabla hajaajiriwa, Mama Kijiko anafua huku anaimba, wala hakohoi. Katika za mwisho anakohoa mpaka anashikilia meza. Mwenye masikio hahitaji daktari.

Ila diski nazo huzeeka. Zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, zikaota madoa kama mikono yangu. Binti yetu wa pekee ndiye aliyezipeleka kwa fundi wa redio na video wa mtaani, tunayemwita Fundi Miwani. Binti huyo tulimwita Kijiko tangu mdogo kwa sababu hakuna chungu asichokikoroga. Baada ya msiba wakubwa walimpa kazi ya ofisini, palepale kiwandani, nami nikasema heri, angalau mmoja wetu akae mbali na pamba.

"Baba, wewe tulia," aliniambia. "Mkaguzi hana siku nzima ya kutazama watu wanafua. Fundi ataokoa kinachookoka, halafu tutaipanga iwe filamu moja fupi."

"Msikate kikohozi."

"Baba nawe. Kwani mimi mtoto?"

Basi Jumanne hiyo mkaguzi, mama wa makamo, akachomeka flashi nyeupe niliyopewa na Kijiko, ambayo hata mimi sikuwa nimeitazama. Pembeni yake alikaa afisa wa kiwanda, viatu vinang'aa kuliko diski zangu zilipokuwa mpya. Ukaanza muziki. Kinanda. Mama Kijiko anafua, midomo inacheza, lakini haimbi yeye, kinaimba kinanda. Kisha ikaja siku Kijiko alipomaliza shule. Mama amesimama mezani, kikombe mkononi, anampa nasaha mwanawe. Siku hiyo kamera niliiweka juu ya kabati ijipigie yenyewe. Nilikijua kikohozi kile kinapokaa.

"Sikiliza hapa, mama," nikamwambia mkaguzi.

Hakikuja. Mke wangu aliongea mfululizo kama bomba lililoachwa wazi. Ila kikombe chake, kilichokuwa mkono wa kulia, kufumba na kufumbua kikawa mkono wa kushoto. Hakuna aliyekiona isipokuwa mimi.

"Mzee, pole sana kwa msiba," afisa akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayekufungia mlango. "Lakini hapa tunamwona mzima wa afya."

Mkaguzi akanipa mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata nilete kitu kingine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Miwani. Chumba chake ni upana wa kitanda, na redio mbovu ndizo zinazokalia viti.

"Fundi, umenifanya nini?"

"Kaa kwanza, mzee." Akaniondolea redio moja. "Diski zako nimeziosha kwa sabuni ya vyombo, nikazipangusa kutoka katikati kwenda nje, maana ukizungusha kitambaa unaziua. Mashine ilisoma sehemu moja mpaka mara arobaini. Nne zilishakufa. Saba zimetoa zilichokuwa nacho, na sasa nazo ukizirudisha zinazunguka tu kama kichwa cha mlevi."

"Na kikohozi?"

Akavua miwani. Huyu akivua miwani ujue hataki kukuona.

"Binti yako alikaa hapo ulipokaa, siku mbili. Hapa kata, hapa funika na muziki. Nilidhani ni kumbukumbu ya familia. Nani anataka kumsikia marehemu wake akikohoa?"

"Kabla ya kukata zilikuwaje?"

"Hapo sijakosea. Kanuni yangu, nanakili kwanza kila kitu kama kilivyo, ndipo nishike mkasi. Nilimkabidhi flashi mbili. Nyeupe ina filamu, nyeusi ina kila kitu. Yangu nimefuta, mashine ilijaa harusi za watu." Akafuta vioo vya miwani. "Na usinune, mzee, lakini hata kwenye nyeusi vikohozi ni vichache. Mwenye kamera alikuwa akizima kila mama akianza."

Mwenye kamera ni mimi. Nilikuwa nikimwambia, maliza kukohoa kwanza, unatuharibia picha. Nilitoka mle bila kuaga.

Kijiko alikuwa amerudi kula chakula cha mchana.

"Umemkata mama yako," nikamwambia.

Hakukana. "Kile kikohozi ndicho kilikuwa kikiniamsha kila asubuhi, baba. Nilitaka mara moja tu nimwone anamaliza sentensi."

Maneno hayo yalinishika roho. Ningeyameza, kama nisingeuliza la pili.

"Na wakubwa zako wanajua habari za diski?"

Akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa. "Afisa aliniuliza tu kama filamu imekamilika."

"Ukamwonyesha kabla yangu."

"Ni bosi wangu. Akiniuliza nimfiche? Wewe una uchungu wako, baba, mimi nina kazi."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hii nguo niliifua na kuianika kwa mikono yangu. Wakubwa siwashangai, hao kazi yao ni kuandika, na sisi kazi yetu ni kuandikwa. Lakini yeye alizaliwa na mapafu yaleyale ya mama yake.

Nimepekua droo, mkoba wake, mpaka kopo la biskuti, flashi nyeusi haipo. Koponi mna diski kumi na moja zisizosema neno. Kesho ni Ijumaa. Kila asubuhi ananiwekea chai mbele yangu, anakaa, anakoroga yake hata sukari imeshayeyuka zamani, nami namuuliza lilelile: Kijiko, mwanangu, ile nyeusi umempa nani?